Spika ya inchi 12 kwenye ubao wazi: besi inapotelea wapi?

Mtaka Besi
Wakuu, naomba ushauri. Spika ya inchi 12, omu 8, imefungwa katikati ya plaiwudi ya sm 60 kwa 60, nyuma wazi. Karatasi yake ya vipimo inasema Fs (mitetemo ya asili ya koni, ile sehemu inayosukuma hewa, kwa sekunde) Hz 38, Qts (mtetemo huo unavyozuiwa; namba ndogo, unazuiwa zaidi) 0.35, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni) lita 100. Sauti za waimbaji na gitaa ziko safi, besi hakuna kabisa. Nikiipandisha kwenye ikwalaiza, koni inagonga. Nipanue ubao au nijenge boksi?

Koni12
Mkuu, besi inatoka, ila inafutwa. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi hayo yanazunguka ukingo wa ubao na kuuana. Kutoka katikati hadi ukingoni una sm 30 tu, na wimbi la Hz 40 lina urefu wa mita 8.6! Zidisha umbali huo (kwa mita) mara 6, kisha gawanya 343 kwa jibu lake: unapata kama Hz 190. Chini ya hapo unapoteza dB 6 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila masafa, yaani Hz, yakipungua nusu, kwa hiyo karibu na Hz 48 umeshapoteza dB 12. Kuzirudisha kunataka wati mara 16, na koni itembee mara 4 zaidi. Ndiyo maana inagonga.

Mtaka Besi
Na nikitumia plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4?

Koni12
Isimamishe upande mrefu ukikaa sakafuni, spika iwe katikati, chini kabisa, ubao uguse sakafu bila mwanya. Sakafu inakuwa kama nusu ya pili ya ubao, kwa hiyo ule mpaka wa Hz 190 unashuka hadi Hz 47 hivi.

FundiBoksi
Hata hivyo si kwa spika hii. Kwa Qts 0.35, pale Hz 38 yenyewe sauti tayari iko chini kwa dB 9, kabla ubao haujala chake. Ubao wazi unataka Qts 0.7 kwenda juu.

Jenga boksi. La kuziba kabisa, lita 33, besi yake itaishia Hz 76. Kwa inchi 12 naona ni hasara. Bora lita 75 za ndani (ukishatoa nafasi ya spika na bomba), plaiwudi ya mm 18, bomba la PVC la kipenyo cha ndani sm 10, urefu sm 11. Hapo boksi linaitika Hz 41, yaani hewa ya bomba inatetemeka yenyewe na kusaidia koni. Viungo vyote gundi na silikoni, maana likivuja besi inalegea.

Uso wa boksi ukiwa na upana wa sm 40, kuanzia Hz 290 hivi kushuka chini sauti huzunguka nyuma na kupungua, mwisho dB 6. Lisogeze karibu na ukuta, sehemu kubwa itarudi. Na kata masafa ya chini ya Hz 30 kwenye amplifaya: chini ya Hz 41 hewa ya boksi haiishiki tena koni.