Tupeane uzoefu: uliyewahi kulinda, kufungwa au kufiwa na ndugu mahabusu, usiku ule nani alikuwa anamwangalia?

Zamu ya Usiku:

Wakuu, nawasalimu. Nimefanya kazi gerezani miaka 24, zaidi ya nusu yake usiku. Tangu nistaafu, kila anayejua kazi niliyokuwa nafanya ananiuliza swali lile lile: yule tajiri wa Marekani, Jeffrey Epstein, aliyefia mahabusu akingoja kesi ya kuwadhulumu wasichana kingono, alijiua au aliuawa?

Mimi nilipoisoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria ya kwao, iliyotoka Juni 2023, kilichonikosesha usingizi ni kitabu cha mzunguko, kile askari anachoandika kila anapopita kukagua selo.

Tazameni mtiririko wake. Tarehe 23 Julai 2019 anakutwa selo, pale Manhattan, ana alama shingoni. Anawekwa chini ya uangalizi wa wanaohofiwa kujidhuru, anatolewa baada ya saa 31 hivi. Wataalamu wa afya ya akili wanaagiza asikae selo peke yake. Tarehe 9 Agosti mwenzake anahamishwa, na hakuna anayeleta mwingine. Usiku ule askari walitakiwa kupita kila dakika 30 na kuhesabu wafungwa kwa saa zilizopangwa. Hawakupita. Walikaa mezani, kama mita tano kutoka mlango wake, wakiperuzi intaneti, na kwa muda wa saa mbili hivi walionekana kama wamelala. Vitabu vikajazwa kwamba hesabu imefanyika. Saa 12 na nusu asubuhi wanapeleka chai, mtu amekwisha kufa. Kamera nyingi za eneo lile zilikuwa hazirekodi tangu mwisho wa Julai, na hazikurekebishwa.

Msiwalaani haraka. Mmoja alikuwa siku ya tano mfululizo ya kazi ya ziada, mwingine amelazimishwa kuunganisha zamu. Walishtakiwa Novemba 2019, wakakiri kughushi kumbukumbu, wakapewa saa 100 za kazi za jamii na mashtaka yakafutwa. Na wale wanawake waliomtuhumu Epstein, ambao wengine walidhulumiwa wakiwa watoto wa shule, wakabaki bila kesi dhidi yake. Mwishoni mwa Agosti jaji aliwaruhusu wazungumze mahakamani, kiti cha mshtakiwa kikiwa kitupu.

Sasa langu. Gereza silitaji. Tulikuwa na kijana wa miaka 19 au 20, kanyimwa dhamana asubuhi ile. Mwenzangu ananikabidhi zamu ananiambia, "Huyu wa selo ya mwisho hajagusa chakula, mwangalie." Mvua ilikuwa inapiga na kufika kule ni lazima ukatishe uwanja. Nikakaa kaunta. Kalamu yetu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye meza. Nikaivuta, nikajaza mistari minne kwa mkupuo: saa 3, saa 3 na nusu, saa 4, saa 4 na nusu. Yote "salama". Ukiitazama ile karatasi hata mtoto angejua ni mkono mmoja wa dakika moja, wino haujabadilika hata kidogo.

Saa 4 kasoro mahabusu wa selo ya pili wakaanza kugonga milango na kupiga kelele. Tukakimbia. Kijana alipona kwa sababu jirani yake alisikia kitu na hakunyamaza. Kitabu changu tayari kilikuwa kinasema saa 4 na nusu yuko salama.

Sijawahi kulisema hili popote. Nimeanza mimi ili na wengine mseme.

Mnyakyusa Ughaibuni:

Mkuu, shikamoo, na asante kwa kuanza. Mimi ni askari wa jela ya wilaya huku Marekani, mwaka wa saba sasa. Kwetu anayehofiwa kujidhuru, yule wa hatari kubwa, anawekewa mtu wa kumtazama muda wote bila kuondoa macho. Wa hatari ndogo unampitia ndani ya kila dakika 15, tena dakika zisizolingana, asije akakuhesabia.

Vitabu vya mkono hatutumii. Kuna kidude ukutani unakigusa kwa kifaa, kinaandika saa yenyewe. Watu wakadhani uongo umekwisha. Hapana. Nimemwona mwenzangu anagusa kidude huku anatazama simu, anapita. Aliyenifundisha kazi alinizoesha kusimama mlangoni hadi nione kifua kinapanda na kushuka. Kama blanketi limefunika, namwita hadi ajibu. Wananitukana kwa kuwakatisha usingizi, nawaambia samahani, naenda mlango unaofuata.

Saa mbaya ninazozijua ni ile siku ya kwanza, siku ya kutoka mahakamani, na baada ya simu ya nyumbani yenye habari mbaya. Epstein jioni ile alipewa simu isiyosikilizwa wala kurekodiwa, kinyume cha utaratibu. Kwetu mtu akimaliza simu akakaa kimya, naandika na namwambia anayenipokea kwa mdomo, si kwa karatasi tu.

Kandambili za Bluu:

Nilikaa mahabusu miezi minane, kesi ya wizi wa mtumishi, mwisho nikaachiwa. Mliokuwa upande wa kaunta hamjui nani analinda usiku. Ni sisi.

Aliletwa mtu mkubwa, mtu ambaye wilayani kwetu akipita watu wanasimama. Gazeti lilimtoa ukurasa wa mbele. Siku mbili hakusema na mtu. Siku ya tatu akawa mchangamfu ghafla, akaanza kugawa. Sabuni akampa kijana mmoja, taulo akampa mwingine. Mimi akanipa kandambili zake, za bluu, mpya kabisa, akaniambia "kesho sizihitaji." Nikafurahi, mjinga mimi, nikazivaa hapo hapo.

Nyapara wetu, mzee wa Kisukuma, akaniona nazo. Akaniuliza nimezipata wapi. Nilipomjibu uso ulimbadilika. Akampanga yule bwana alale katikati yetu, mimi kushoto, yeye kulia, tukabanana kama dagaa. Usiku kucha mzee alikuwa anamsimulia habari za ng'ombe. Kila yule bwana akijigeuza, mzee anauliza, "Umelala, mheshimiwa?" Alfajiri yule bwana akaanza kulia, akalia hadi muda wa uji. Mzee akanigeukia akasema, "Mrudishie viatu vyake."

Wakuu wanapenda kumtenga mtu maarufu selo yake peke yake, wanasema ni kwa usalama wake. Naelewa, wapo wanaoweza kumdhuru. Lakini ukimtenga umemnyima huyo mzee.

Dada wa Marehemu:

Mimi ni Mkenya. Sitasema ni kituo gani. Kakangu alikamatwa Ijumaa, Jumapili tukaambiwa "amejidhuru ndani ya seli." Tulipoomba kuona OB, kitabu cha matukio cha kituo, tukaonyeshwa kurasa mbili, ile iliyohitajika haikuwepo. Mama alikuwa amechoka, wazee wakasema tuzike. Tulizika bila daktari wetu kusimama kwa upasuaji. Hilo ndilo ninalojutia kila siku, na ndilo ninataka mtu mwingine asirudie: kabla mwili haujaguswa, ombeni daktari wa familia awepo.

Mlifuatilia ya Albert Ojwang, yule bloga aliyefia mikononi mwa polisi, Juni 2025? Polisi walianza kwa kusema alijigonga kichwa ukutani akiwa seli ya kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Upasuaji ukaonyesha shingo ilikuwa imekabwa na kuna majeraha ya kupigwa, na IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, wakasema kamera za kituo zilichezewa. Hapo ndipo maafisa walishtakiwa kwa mauaji. Sasa mimi nitajuaje ya kakangu ilikuwa ipi? Labda kweli alijiua. Alikuwa na mawazo mengi mwaka ule. Lakini hata kama ni hivyo, kuna mtu alikuwa na ufunguo na aliapa kumwangalia. Ningependa tu aniambie alimwona mara ya mwisho saa ngapi.

Bonde la Ufa:

Poleni sana. Lakini huyo Epstein hamtaniambia alijiua. Kamera zife usiku huo huo?

Zamu ya Usiku:

Kaka, kamera zilikuwa zimekufa karibu wiki mbili kabla. Daktari mkuu wa vifo wa jiji alisema alijiua, daktari aliyekodiwa na familia akapinga, na mkaguzi hakupata ushahidi wa kuuawa. Mimi naamini alijiua. Wewe ukiamini vingine siwezi kukulaumu sana, maana aliyekunyima jibu ni yule aliyejaza kitabu bila kwenda. Kama wangepita, ama angekuwa hai ama tungejua.

Dada, pole. Naomba upokee pole yangu kama mtu niliyewahi kushika ile kalamu.

Nesi wa Wodi Namba Tatu:

Naongeza moja. Mahabusu aliyejaribu kujiua akiletwa wodini huja na pingu, anafungwa kwenye kitanda, na akipona anaweza kuongezewa kesi, kwa sababu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu ni kosa. Kenya, Mahakama Kuu iliifuta ya kwao Januari 2025. Wagonjwa wangu wananificha. Nawauliza "unajisikiaje?" wanasema "vizuri, sista," huku wanamtazama askari. Siku hizi namwomba askari asogee mlangoni kwanza. Baadhi wanakubali.

Dada wa Marehemu:

Zamu ya Usiku, asante. Na yule kijana wa mvua, alijua kuhusu kitabu?

Zamu ya Usiku:

Hapana, dada yangu. Aliachiwa mwaka uliofuata. Sasa ni fundi cherehani, ana meza yake nje ya stendi. Nimempelekea suruali mara mbili anipunguzie. Ananiita mzee, hanitozi. Mara zote mbili nimekaa kwenye benchi lake nikakunja suruali yangu nikaondoka.

Ya tatu nimeishaichagua. Jumamosi nampelekea.