Kurudiarudia maneno (mantra) usiku kunatuliza kweli au tunajidanganya?

Binti_wa_Uyole
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Mwenzenu tangu tumzike mama kule Tukuyu sijakaa sawa, mchana niko Mwanjelwa nauza mchele na maharage nacheka na wateja kama kawaida ila ikifika saa tisa usiku nashtuka moyo unakimbia, na hili baridi la mwezi wa saba huwezi hata kutoka nje ukapunga upepo, unabaki unaangalia bati tu. Sasa rafiki yangu kanitumia klipu ya watu wanaimba Om Mani Padme Hum saa nzima, eti imba nao majonzi yataisha. Nimejaribu, kweli mwili unalegea kidogo, lakini mimi Moravian na kwaya naimba, roho inanisuta. Hivi hii kitu inafanya kazi kweli? Na lazima yawe maneno yao au hata yangu yanafaa? Majibu ya kistaarabu tafadhali, matusi sitaki.

Mzee_wa_Makambako
Marahaba binti, pole kwa msiba. Achana na hayo. Hayo maneno ni ya Wabudha, wewe umebatizwa. Mathayo 6:7 iko wazi kabisa, msipayuke-payuke. Ukiimba usichokijua unafungua mlango halafu kesho tunakukemea mapepo. Funga, omba, basi.

Kamwene_Iringa
Mzee wangu kamwene, kwa heshima zote nakubaliana na wewe nusu. Ni ya Wabudha kweli, maneno ni ya Kisanskriti na Watibeti wanayaelekeza kwa Avalokiteshvara, kwao huyo ndo huruma yenyewe, kwa hiyo dada kama roho inakusuta usijilazimishe, utulivu utoke wapi wakati unaimba huku unajitetea moyoni. Ila kurudia na kupayuka ni vitu viwili mzee. Fungua Zaburi 136, mistari yote 26 kiitikio ni kilekile, hapo napo tuseme walipayuka? Sisi Wakatoliki wa huku upande wa Tosamaganga bibi zetu wamebeba misiba kwa rozari, Salamu Maria 50 kila jioni, unamkuta kakaa jikoni moshi umejaa shanga zinapita vidoleni, ukimsalimia anakuitikia kwa kichwa tu mpaka amalize fungu.

Na kuna utafiti ulitoka 2001 kwenye BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, Waitaliano walichukua watu 23 wazima wa afya wakawapima pumzi na mapigo ya moyo wakati wanasali rozari kwa Kilatini na wakati wanarudia hiyohiyo Om Mani Padme Hum ya dada. Zote mbili zilishusha pumzi mpaka karibu mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima akiwa ametulia zake anavuta kama 12 mpaka 20, na moyo na presha vikaanza kupanda na kushuka pamoja na pumzi. Sasa tusidanganyane, watu 23 ni wachache na majonzi hawakuyapima kabisa, kwa hiyo anayekwambia mantra "imethibitishwa" kuponya msiba anauza kitu. Ila angalia kilichofanana pale, si dini, ni urefu wa sentensi. Kiongozi anasema nusu ya Salamu Maria, wengine wanaitikia nusu, wewe unatoa pumzi moja ndefu halafu unapumzika akiwa anasema yeye.

Nesi_wa_zamu
Dada pole sana mdogo wangu. Kamwene kasema vizuri, mimi naongeza ya kufanya. Ukishtuka usibaki umelala chali unapigana na mawazo, kaa kitako, blanketi mabegani, vuta hewa kwa pua kisha sema sentensi yako fupi kwa sauti ya chini polepole mpaka hewa iishe, ukitoa pumzi ndefu moyo nao unapunguza mbio. Akili itakimbia tu, utaanza kuwaza deni la gunia la mchele, usijigombeze, rudi kwenye neno. Siku maneno hayaji funga mdomo uvumishe tu mmmmm. Na machozi yakija yaache yaje, hatufanyi hivi ili usilie.

Lakini nisikilize na hapa. Ikiwa chakula hakipandi, kazi imekushinda, hali imepita wiki mbili haipungui, au yanakuja mawazo ya kwamba bora nife, usisubiri mantra wala maombi yamalize, nenda hospitali uulize kliniki ya afya ya akili, na mwambie mtu wa nyumbani leo leo. Na aliyewahi kusikia sauti za watu wasiokuwepo asikeshe anaimba masaa bila kuongea na daktari wake. Kama una dawa, usiache.

Tasbihi_Sokomatola
Pole dada, Mungu amrehemu mama. Mi nachangia dogo tu, shika kitu mkononi. Sisi baada ya swala tunaleta subhanallah 33, alhamdulillah 33, allahu akbar 34, kwa vidole au tasbihi, na hao Wabudha na Wahindu wana shanga zao 108. Kidole kikiwa na kazi akili haiendi mbali. Usihesabie kwenye simu tu, utajikuta uko kwenye status za watu mpaka adhana ya alfajiri.

Mzee_wa_Makambako
Zaburi 136 sikatai. Rozari tutaongea siku nyingine. Binti, kama ni kurudia, rudia cha kwenu, cha Kinyakyusa ulichokuwa unakisikia nyumbani.

Binti_wa_Uyole
Ndaga fijo wote, mzee wangu nawe umenifikirisha, mama alikuwa na ubeti mmoja anaurudia akikata magugu kwenye migomba, huo naujua hadi alipokuwa anavutia pumzi. Nesi swali la mwisho, hapa tumepanga vyumba vya kubanana, saa tisa usiku nikianza kuimba peke yangu majirani si watasema mchawi?

Nesi_wa_zamu
Hahaa, kwa Mbeya hii watasema mapema sana. Nong'ona, pumzi inatoka ndefu vilevile. Na yule mama wa mlango wa pili mwambie kabisa mchana kwamba huwa unasali usiku. Kliniki nayo usiipige chenga kama wiki mbili zako zimeshapita.