Usingizi masaa manne kwa siku, kazi mjini, mtoto ananyonya na mwingine shule. Wenzangu mnawezaje?

mama_wawili_chanika
Habari za jioni wapendwa, naombeni ushauri maana nimefika sehemu naona mwili unagoma. Nna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ametimiza miezi sita wiki hii. Nakaa Chanika, ofisi iko Posta, niko upande wa hesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Dada aliyekuwa ananisaidia karudi kwao Singida kwenye mavuno na hajarudi, kwaiyo mchana mdogo anashinda kwa mama jirani.

Ratiba ndo hii: nafika nyumbani saa moja na nusu usiku kama foleni ya Gongo la Mboto imekuwa na huruma, hapo nipike, niogeshe watoto, niangalie madaftari ya mkubwa, vyombo, nguo za mdogo, mpaka nashika kitanda ni saa tano na nusu. Saa saba ndo maji yanatoka mtaani kwetu, naamka kujaza pipa na madumu, nikirudi ndani mdogo kaamka anataka kunyonya, saa kumi alamu inalia maana gari la shule linampitia mkubwa saa kumi na moja na robo na mimi natakiwa niwe barabarani kabla ya kumi na mbili. Sidhani kama nafikisha masaa manne, na hayo manne yenyewe ni vipande vipande.

Baba watoto anaendesha bajaji, anarudi saa nne saa tano, kutoka ni saa mbili asubuhi. Nikimwambia anisaidie usiku anasema dereva asiyelala ataua watu, na hapo nakosa cha kumjibu maana ni kweli. Juzi nimekaa kwenye kigoda nakata mchicha, mdogo mgongoni, kisu mkononi, macho yakajifunga yenyewe, nashtuka ncha iko juu ya kucha ya kidole gumba. Nimeogopa jamani. Ofisini wananiambia ninywe vile vinywaji vya kuongeza nguvu, wengine wananitajia vitamini. Nanyonyesha, sitaki kumletea mtoto matatizo. Nifanyeje?

bi_mkubwa_tabata
Pole sana mwanangu, nimelea wanne huku nafanya kazi kwaiyo najua unachosema. Nianze na hayo maji, hayo ndo mwizi wako mkubwa na watu hawatayaona. Tafuteni tanki hata dogo la lita 500, mwambie fundi bomba aweke ile koki yenye boya inayojifunga yenyewe maji yakijaa, usiku yatakuja yatajaa na wewe umelala. Gharama ipo ila chezeni hata kikoba mlipate, hiyo peke yake inakurudishia usingizi wa saa saba.

Pili vyombo vya usiku achana navyo, loweka kwenye beseni funika lala. Jumapili chemsha maharage ya wiki nzima gawa kwenye vifuko weka friza, sare za mkubwa piga pasi zote tano siku hiyo hiyo ning'iniza, siku za kazi unakaanga kitunguu na nyanya tu chakula tayari. Asubuhi usisimame kwenye jiko kukaanga maandazi, chemsha viazi vitamu au mihogo usiku wakati mboga iko jikoni, weka kwenye hotpoti, chai kwenye chupa. Saa tatu na nusu uwe kitandani na watoto wako, nyumba ikiwa chafu iwe chafu, hakuna mgeni anayekuja Chanika saa nne usiku kukagua sakafu.

kijana_wa_mishe
Dada piga tu hizo energy, mimi nakunywa mbili kwa siku na nakesha fresh

nesi_wa_zamu
Mdogo wangu hapo juu naomba usimshauri hivyo mama anayenyonyesha. Kafeini iliyomo kwenye hizo energy inapita kwenye maziwa, kwaiyo mama anakunywa apate kukaa macho, mtoto anapata dozi yake na yeye usiku anaweza asilale, mama anazidi kuchoka. Hata kwa mtu mzima, kikombe cha kahawa cha saa kumi jioni, baada ya kama masaa matano nusu yake bado iko mwilini. Dada, kahawa au chai kikombe kimoja viwili asubuhi sio dhambi, ikifika mchana simama hapo, jioni kunywa mchaichai hauna kafeini kabisa.

Vitamini usinunue kwa kukisia. Nenda kituo cha afya wakupime wingi wa damu, wamama wengi baada ya kujifungua damu iko chini, uchovu wake unafanana kabisa na wa kukosa usingizi na hata ukilala masaa kumi hauishi. Ukikutwa nayo utapewa madini ya chuma, nafuu utaiona.

Kuna mambo mawili nayaona kazini yananiumiza sana, nayasema hata kama hujauliza. La kwanza, mama akichoka anashawishika kumpa mtoto dawa ya maji ya mafua ili alale. Usije ukathubutu, zile dawa zinaweza kumpunguzia mtoto pumzi. La pili, usinyonyeshe usiku ukiwa kwenye kochi wakati unasinzia, mtoto anadumbukia kati ya mto na mwili wako anakosa hewa na wewe hujui. Ukiona macho mazito bora ukae kitandani, godoro gumu, mito na shuka ziwe mbali naye, chandarua kimechomekewa vizuri.

Na mchana ofisini, muda wa chakula, kula haraka weka alamu ya dakika 20 ulale kichwa mezani. Zisizidi sana hapo maana ukiingia usingizi mzito unaamka umelewa.

dereva_wa_tunduma
Mimi naendesha lori Dar Tunduma miaka mingi, niongee na shemeji kupitia kwako. Ni kweli kabisa anachosema, usingizi barabarani hauchezewi. Ukisinzia sekunde tatu gari iko spidi 80 umeshaenda zaidi ya mita 60 bila dereva, na kufungua dirisha au kupandisha muziki hakusaidii chochote, dawa ni kupaki ulale. Kwenye hilo niko upande wake.

Ila tupige hesabu yake pia. Anafika saa tano, anatoka saa mbili asubuhi, hayo ni masaa tisa yuko nyumbani. Akila akalala saa sita, saa kumi na moja akaamka akamvalisha mkubwa akampeleka kwenye gari la shule, kumi na moja na nusu karudi kitandani mpaka moja na nusu, anakuwa amelala kama masaa saba na barabarani yuko salama. Na ile saa tano akirudi hajalala bado anashika simu, mdogo akilia kabla ya saa sita ni zamu yake, wewe usinyanyuke. Kwenye lori tunakuwa wawili, mmoja akilala mwingine haruhusiwi kumuamsha kwa kitu kidogo, na nyinyi mkae kikao mpangiane hivyo, sio kuombana msaada usiku wa manane wote mna hasira.

mwl_msingi
Naongezea kidogo, huyo wa darasa la pili naye anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12, anaamka saa kumi na moja kwaiyo saa mbili awe kashalala. Madaftari mengine yasubiri Jumamosi, mwalimu wake ukimwandikia ataelewa.

mdau_wa_ajira
Mbona hakuna aliyetaja sheria? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kifungu cha 33 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Sio hisani ya bosi, ni haki yako. Wewe Posta mpaka Chanika huwezi kwenda na kurudi mchana, kwaiyo andika barua ya heshima kwa HR omba uyachukue mwisho wa siku, yani kama mnatoka kumi na moja wewe utoke saa tisa. Foleni ya jioni unaikwepa, saa kumi na moja uko nyumbani badala ya moja na nusu. Barua iwe na nakala yako yenye mhuri wa kupokelewa.

mama_wawili_chanika
Nimesoma zote naona machozi yanataka kunitoka, asanteni sana. Hilo la masaa mawili sijawahi kulisikia pale ofisini na tuko wamama wanne tunaonyonyesha, kesho tunaandika barua wote. Baba watoto nimemsomea ya dereva, kakaa kimya kidogo akasema mkubwa atamtoa yeye kuanzia Jumatatu. Tanki tutaanza kuweka hela kidogo kidogo. Swali moja nesi: ili yeye amlishe mdogo ile saa tano nimwachie nini, uji au maziwa yangu?

nesi_wa_zamu
Mwachie maziwa yako, uji umpe mchana kwa jirani akiwa macho. Kamua asubuhi, ndo maziwa yanakuwa mengi. Chombo kichemshwe kwanza, ukishakamua weka friji ndani kabisa sio mlangoni, yanakaa mpaka siku nne. Joto la Dar usiyaache mezani. Baba akitaka kumpa aweke kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, asichemshe kwenye sufuria, na ampe kwa kikombe na kijiko. Yakibaki amwage, asiyarudishe kwenye friji. Siku mbili tatu za kwanza mtoto anaweza kumkataa, usitoke chumbani kumwokoa, waache wazoeane. Na kipimo cha damu uende wiki hii. Ukiona mtoto kalala, nafasi ya kulala unayo na bado usingizi hauji, au unalia lia na huzuni inazidi wiki mbili, mwambie daktari siku hiyo hiyo, hiyo inatibika.

mama_wawili_chanika
Nimekuelewa dada. Alhamisi naenda kupima.