Risiva ya Japani ya 100V, stebilaiza inatosha au mpaka transfoma?

KijanaMbagala: Wakuu habari za jioni, naomba msaada kabla sijawasha kitu. Nimenunua risiva ya Yamaha (ile ya muziki inayoendesha spika) used kutoka Japani, nyuma imeandikwa AC 100V 50/60Hz 250W. Huku kwetu jioni umeme unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu, usiku wa manane unapanda. Nina stebilaiza ya 1000VA inayolinda friji, muuzaji kaniambia chomeka tu humo itashusha yenyewe. Ni kweli?

fundi_spika: Usichomeke mkuu!! Stebilaiza kazi yake ni kuzuia umeme usiyumbe, ukiingia 170 au 250 yenyewe inakutolea 220 au 230 hivi. Hiyo risiva inataka 100, ukiipa 230 transfoma yake ya ndani inaungua au kapasita za pawa saplai zinapasuka, na fyuzi siyo kila mara inawahi. Tafuta transfoma ya kushusha, 230 kwenda 100, na hakikisha inatoa 100 kweli maana nyingi za mtaani zinatoa 110. Chukua ya 500VA kupanda juu, ukifungulia besi hiyo 250W inapitwa.

dada_Tanga: Kwa hiyo akipata transfoma stebilaiza haina kazi tena?

fundi_spika: Inayo dada, tena kubwa. Transfoma hairekebishi chochote, inagawanya tu, ukutani kukiwa 170 risiva inapata kama 74, hapo inajizima inajiwasha. Kwa hiyo umeme utoke ukutani uingie stebilaiza, halafu transfoma, halafu risiva. Ila friji itafutie stebilaiza yake, kompresa ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa mpigo na risiva itaona huo mtikisiko.

mzee_wa_besi: Niongezee, angalia na spika. Kama nyuma ya risiva wameandika spika zisipungue omu 6 usifunge za omu 4, ukipandisha sauti itaingia protect, yaani inajizima kujilinda, na wewe utadhani ni umeme. King'amuzi chomeka kwenye risiva kwa HDMI, halafu waya mwingine wa HDMI utoke kwenye risiva uende tundu la TV lenye maandishi ARC, kama risiva nayo ina ARC sauti ya TV inarudi humohumo.

KijanaMbagala: Nashukuru sana wakuu, muuzaji angeniunguzia. TV nayo ipite kwenye transfoma?

fundi_spika: Hapana, TV ichomeke stebilaiza moja kwa moja. Transfoma ni ya risiva peke yake.