Riwaya ya maharamia wapendanao: kwa nini inanichekesha hivi?

Abiria wa Pantoni:
Wanajukwaa, salaam. Kwa wiki mbili sasa, asubuhi nikivuka kutoka Kigamboni kwenda Magogoni, nasoma riwaya ya Kiingereza kuhusu meli ya maharamia ambayo nahodha wake ni mwanamke, na mpenzi wa nahodha huyo ni mwanamke mwenzake, rubani wa chombo. Jalada nimelivika gazeti, kama tulivyovika madaftari shuleni, ili nisiulizwe maswali. Kicheko, hata hivyo, hakivikiki. Jana nilifika pale mabaharia wanapopiga kura kuamua kama kasa wao mwenye kusema anastahili fungu la ngawira, nikacheka hadi mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akasogea pembeni. Mimi kwa kawaida sisomi hadithi za uchawi na majini. Naomba mnisaidie: ni nini hasa kinachonivuta?

Mzee wa Tarehe:
Ndugu mleta mada, nadhani kinachokuvuta ni kwamba kichekesho hakikai pale ulipokizoea. Katika maigizo yetu mengi, mwanamume mwenye madaha ndiye anayechekwa, na mzaha unaishia hapo. Katika riwaya unayoieleza, mapenzi ya nahodha na rubani wake hayamshangazi mtu yeyote chomboni, na kinachochekwa ni vikao na kanuni za kazi. Kanuni zenyewe zina asili. Bartholomew Roberts, haramia aliyeuawa mwaka 1722, aliendesha meli yake kwa masharti yaliyoandikwa: kila mtu alikuwa na kura, taa zilizimwa saa mbili usiku, aliyepoteza kiungo alilipwa dola 800 kutoka mfuko wa pamoja, na wapiga muziki walikuwa na haki ya kupumzika siku ya Sabato. Hebu fikiria majambazi wa baharini wanaohimizana kulala mapema! Tena, katika karne ya 17, huko Karibi, maharamia wawili wanaume waliweza kuwekeana mkataba wa kuchangia mali na kurithiana, ulioitwa matelotage. Wanahistoria wanabishana kama mikataba hiyo ilikuwa ya mapenzi au ya kibiashara tu, na mwandishi wa riwaya hupata nafasi yake katika ubishi wa namna hiyo.

Bint Mwembe:
Mimi nitasema kweli yangu. Kwa imani yangu siwezi kuyasifu mapenzi ya aina hiyo, na nilipoazimwa riwaya ya namna hii nilidhani ningeifunga ukurasa wa tatu. Sikuifunga, kwa sababu wale wawili waligombana kuhusu nani amemaliza ndimu za safari, na ugomvi ule niliujua, ni wa nyumbani kwangu kabisa. Kilichonichosha ni sura za uchawi: kila wanapobanwa, linatokea jini la bahari kuwaokoa, na mashaka yote yanakwisha bila jasho.

Mzee wa Tarehe:
Dada Bint Mwembe, kuhusu majini nakuunga mkono. Msaada usio na gharama huua hadithi. Ila nikukumbushe Abunuwasi, ambaye sote tumemcheka tangu utotoni akiwazidi wakubwa ujanja. Nyuma ya jina hilo yupo mshairi halisi wa Baghdad wa zama za Harun Rashid, Abu Nuwas, aliyetunga waziwazi mashairi ya mvinyo na ya mapenzi kati ya wanaume. Masimulizi yetu yaliuchukua ucheshi wake na kuyaacha mashairi hayo nyuma. Riwaya hizi za maharamia zinaviweka vyote viwili chombo kimoja.

Abiria wa Pantoni:
Nawashukuru. Hilo la ndimu limenigusa kuliko yote, kwa kuwa nami nimegundua kwamba kurasa ninazozirudia ni zile za wawili hao wakibishana juu ya mambo madogo, huku meli ya mfalme ikiwafukuza kwa nyuma. Kuhusu kasa, kura zimehesabiwa leo asubuhi tukikaribia Magogoni: amepewa nusu fungu, naye amekata rufaa.