Mrejesho: kosa la jumla ya ankara limepatikana

Wakuu, niliuliza namna ya kusaka badiliko lililofanya mfumo wetu wa ankara upishane shilingi moja moja kwenye jumla. Mlionielekeza `git bisect` (amri ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi ya programu), Mungu awabariki sana. Unaiambia toleo lipi lilikuwa zima na lipi ni bovu, halafu inakata katikati mabadiliko yaliyo kati yake, unapima kama hapo ni pazima au pabovu, na inaendelea hivyo kila mara. Mabadiliko 1,000 yanamalizika kwa vipimo kama 10 tu! Nikaipa jaribio dogo la kupima jumla kwa `git bisect run`, ikajiendesha yenyewe hadi ikasimama kwenye badiliko moja: humo VAT ilikuwa inaondolewa desimali kwa kila bidhaa badala ya mwishoni. Ila jamani, tuhifadhi mabadiliko madogo madogo. Badiliko likigusa mafaili 40, hata ukilipata bado hujajua tatizo liko wapi.