Sheria ndogo ya kijiji: Halmashauri ya Kijiji ikipitisha, inatosha?

Mkulima_Kando: Wakuu, Halmashauri ya Kijiji chetu imepitisha faini kwa mifugo inayoingia mashambani. Mtendaji anataka aanze kutoza wiki hii. Inaruhusiwa?

Mwanasheria_Mtaa: Asisubutu. Hilo kwa sasa ni azimio tu kwenye muhtasari. Ili liwe sheria ndogo, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya Tanzania ya 1982 inataka zaidi: Halmashauri ya Kijiji iandae rasimu, iitishe mkutano wa wanakijiji watoe maoni, ndipo iketi tena kupitisha. Kisha rasimu na mihtasari vipelekwe halmashauri ya wilaya, baraza la madiwani liidhinishe. Kabla ya hapo hakuna faini, na makosa ya nyuma hayaguswi.

Afisa_Kata: Naongezea, maana rasimu nyingi hukwama hapa. Ambatisheni orodha ya mahudhurio yenye sahihi; muhtasari usio nayo hurudishwa. Rasimu itaje kosa lenyewe, kiwango cha faini na nani anakusanya. "Atachukuliwa hatua kali" si adhabu, ni kitisho. Pitisheni kwanza kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwanasheria wa wilaya akague kama haigongani na sheria ya Bunge au sheria ndogo za wilaya.

Mkulima_Kando: Kwa hiyo hata Waziri wa serikali za mitaa anahusika?

Mwanasheria_Mtaa: Hapana mkuu. Waziri na Gazeti la Serikali ni kwa sheria ndogo za wilaya. Za kijiji huishia kwa madiwani.